visudo inanifungulia nano wakati nimeshaweka vim

vidole_vizito
Wakuu, nisaidieni kabla sijavunja kibodi. Seva yangu ni Debian, aina ya Linux. Siku ya kwanza tu niliweka vim, kihariri changu cha maandishi, na kwenye .bashrc (faili la mipangilio yangu ya terminali) nikaandika `export EDITOR=vim` ili programu zinifungulie hicho. Git, ya kutunza matoleo ya kodi, inatii bila maneno. Jana nimeingia `sudo visudo`, inayofungua sudoers (faili la nani aruhusiwe kutumia sudo, yaani mamlaka ya root, msimamizi mkuu), nifute mstari mmoja, vidole vikatangulia akili kwa amri za vim: j mara tatu, dd, halafu :wq na Enter. Kuinua macho, juu kabisa ya faili la sudoers pameandikwa `jjjdd:wq`. Kumbe niko ndani ya nano, kihariri kingine!

Kwa hasira nikabonyeza Ctrl+X, ikauliza kama isevu, nikajibu Y bila kusoma. Bahati yangu visudo hukagua kabla ya kupokea. Ikalalamikia mstari wa 1, ikauliza "What now?", nikabonyeza x ikatupa uchafu wote. Ningekuwa nimefungua faili lile moja kwa moja, uchafu ungebaki humo, na kwa sudo za zamani ingekataa kabisa kufanya kazi, na mimi nje.

Sasa, EDITOR yangu imeenda wapi? Na nani aliamua kwamba nano ndiyo iwe ya kwanza?

mzee_wa_mizizi
Pole mkuu. EDITOR yako imebaki mlangoni. Sudo ikiingia kwa root huacha nje sehemu kubwa ya mazingira yako, ndiyo kazi ya `env_reset`. Visudo isipoiona, inafungua /usr/bin/editor, ambayo si programu bali ni kiungo tu. Kwenye Debian kiungo hicho huenda kwa mwenye alama nyingi: nano ana 40, vim kamili ana 30. Ndiyo maana kuweka vim hakukubadilisha kitu. Piga:

`sudo update-alternatives --config editor`

Chagua namba ya vim.basic, basi. Ukitaka mara moja tu, `sudo EDITOR=vim visudo`.

nano_tosha
Nami niitetee nano kidogo. Fedora, Linux nyingine, nao walihamia nano kuanzia toleo la 33, mwaka 2020, na walikuwa na hoja. Anayejua vi, babu wa vim, anajua pia kuibadilisha. Asiyeijua akitupwa humo na `git commit` hata kutoka hawezi, atafunga dirisha zima la terminali. Nano imemwandikia vitufe vyote chini ya skrini. Wewe umekwama dakika mbili ukaandika malalamiko. Yeye angekwama mchana kutwa.

mzee_wa_mizizi
Hapo sikubaliani nawe. Vi ya Bill Joy ipo tangu 1976 na imo kwenye POSIX, viwango vya pamoja vya Unix. Ukiingia kwenye mashine usiyoijua, karibu Unix yoyote ile, vi utaikuta. Nano utaikuta ukibahatika.

vidole_vizito
Jamani, mimi sina ugomvi na nano. Hata angewekwa ed pale, ningemzoea. Kinachoniudhi ni kwamba kila chombo kina mahali pake pa kuuliza. Git inaangalia GIT_EDITOR, kisha core.editor, kisha VISUAL, ndipo EDITOR. `systemctl edit`, ya kubadili mipangilio ya huduma, inaanza na SYSTEMD_EDITOR, halafu EDITOR, na VISUAL inafuata nyuma! Yaani ukiweka viwili tofauti, vyombo viwili vinakufungulia vihariri viwili, na vyote vinasema vimefuata agizo lako.

mzee_wa_mizizi
Hapo una haki. Zamani EDITOR ilikuwa ya vihariri vya mstari mmoja mmoja kama ed, na VISUAL ya vile vinavyojaza skrini. Leo tofauti hiyo haina maana, ila majina yamebaki. Weka vyote viwili sawa, usumbufu upungue.

vidole_vizito
Mrejesho. Nimepiga update-alternatives: visudo sasa inafungua vim, `sudo systemctl edit` pia. Nikafurahi. Nikaingia `sudo crontab -e` kuhariri ratiba ya kazi za root... nano.

Nimehangaika nusu saa. Ndani ya /root kuna faili `.selected_editor`, mstari mmoja wa maana: `SELECTED_EDITOR="/bin/nano"`. Kumbe zamani crontab iliniuliza nichague kwa namba, nami nikabonyeza Enter tu nipite. Nimelifuta.

nano_tosha
Kwa hiyo aliyeamua nano ni wewe.

vidole_vizito
😂 Mods fungeni uzi.