Feloshipu ya miezi sita kwa muuguzi mkunga: niende, au nisubiri digrii? (Kigoma)

Mkunga wa Reli
Wakuu, habari za zamu. Naomba ushauri, hasa kwa mlio leba na mlio ofisi za utumishi.

Ni muuguzi mkunga wa stashahada, kituo cha afya wilaya ya Uvinza. Kuna nafasi ya feloshipu, yaani mafunzo ya juu ya vitendo, miezi sita, hospitali kubwa nje ya mkoa: vakyumu (kumvuta mtoto kwa kikombe cha kunyonya), MVA (kusafisha kizazi kwa bomba la kunyonya la mkono), kifafa cha mimba, kutoka damu baada ya kujifungua, mtoto aliyeshindwa kupumua, na kumsaidia daktari mezani wakati wa upasuaji. Malazi wanatoa wao, mshahara unaendelea kwa mwajiri.

Je, itanipandisha daraja? Nikirudi nitaruhusiwa kupasua? Na nitajuaje kama ni mafunzo kweli, siyo kukaa darasani na kurudi na cheti?

Leba Usiku
Kupasua, hapana. Ukisaidia mezani unabaki msaidizi. Hata Marekani, ambako wakunga wana feloshipu za namna hii, wanachofundishwa ni kuwa msaidizi wa kwanza wa daktari mpasuaji. Hapo Kigoma kwenu vituo vya afya vilipoanza kupasua, waliofundishwa kisu walikuwa madaktari wasaidizi, na wauguzi wakafundishwa kutoa dawa ya usingizi. Kama ndoto yako ni chumba cha upasuaji, kozi ya usingizi itakufaa kuliko hii.

Faili la Njano
Daraja haliji kwa feloshipu. Muundo wa utumishi unaangalia sifa ya kitaaluma inayotambulika, yaani digrii kwa kesi yako. Ila waulize kama mafunzo yanatambuliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, ili yahesabiwe kwenye kujiendeleza kitaaluma unapohuisha leseni. Wakisema ndiyo, omba uthibitisho wa maandishi.

Barua ipite kwa mganga mfawidhi, kwa Mganga Mkuu wa Halmashauri, mpaka kwa Mkurugenzi. Ambatanisha barua ya mwaliko yenye tarehe ya kuanza na kumaliza. Dada, usiondoke kwa ruhusa ya mdomo, hata kama mfawidhi ni mtu wenu wa karibu. Akihamishwa wewe ukiwa huko, kwenye faili utasomeka mtoro.

Mkunga wa Reli
Asante sana. Na hilo la kujua kama ni mafunzo kweli?

Utosi wa Nyuma
Hapo ndipo penyewe. Waulize mambo mawili kabla hujasaini: kila mwanafunzi anafanya vakyumu ngapi kwa mikono yake, na leba hiyo inagawanwa na nani. Hospitali kubwa ina wanafunzi wa udaktari, intani na wakunga wa digrii, wote wanaitaka kesi ileile. Usipopangiwa msimamizi kwa jina, utamaliza miezi sita ukishika tochi.

Kitabu chako cha mazoezi kitenganishe hatua nne: nimeona, nimesaidia, nimefanya nikisimamiwa, nimefanya mwenyewe msimamizi akiwa karibu. Saini ipatikane siku hiyohiyo. Saini za kukusanywa wiki ya mwisho hazina maana, na anayezitoa anajua.

Vakyumu ndiyo itakayokupima. Kikombe kinakaa sentimita 3 mbele ya utosi wa nyuma, kwenye mstari wa kati wa kichwa. Wengi wanakiweka mbele mno kwa sababu ndipo panapofikika kirahisi. Ukivuta, kidevu cha mtoto kinainuka badala ya kuinama, kichwa kinakuja kwa upana mkubwa zaidi, kikombe kinachomoka. Kisha lawama inakwenda kwa mashine. Pandisha kwanza nguvu ya kunyonya mpaka 0.2 (kilo kwa sentimita ya mraba), zungusha kidole kuhakikisha hakuna nyama ya mama iliyobanwa, ndipo upande mpaka 0.8. Vuta na uchungu tu. Mivuto 3 bila kichwa kushuka, kikombe kuchomoka mara 2, au dakika 30 kupita: acha, mama aende kupasuliwa.

Jihadhari na uvimbe wa kichwa. Ngozi inaweza kushuka huku mfupa umebaki palepale, na kidole ukeni kinakudanganya. Pima tumboni, sehemu ngapi kati ya tano za kichwa bado zinaguswa juu ya nyonga, kabla ya kuanza na kati ya mivuto.

Leba Usiku
Nyongeza kwa kifafa cha mimba, maana huko watakuuliza siku ya kwanza. Magnesiamu, dawa yake, ya asilimia 50 haiingii kwenye mshipa ikiwa kavu, yaani bila kuchanganywa. Mililita 8 zake na mililita 12 za maji ya sindano, unapata gramu 4 ndani ya mililita 20, unasukuma polepole, isipungue dakika 5. Kisha gramu 5 kila tako. Kabla ya kurudia baada ya saa 4: pumzi 16 au zaidi kwa dakika, goti linaruka likigongwa, mkojo angalau mililita 30 kwa saa. Kalsiamu glukoneti gramu 1, ya kuzima magnesiamu ikizidi, iwe kwenye trei hiyohiyo, siyo stoo.

Mkunga wa Reli
Kituoni vakyumu ipo, imekaa kabatini muda mrefu. Nitairudia vipi bila kuogopa?

Utosi wa Nyuma
Anza kuikagua wiki hii, kabla hujaondoka. Bana kikombe kwenye kiganja, pampu mpaka 0.8, acha kupampu uangalie mshale wa kipimo. Ukishuka wenyewe, hewa inavuja kwenye mpira, kwenye kiungo au kwenye kifuniko cha chupa. Kagua kimoja kimoja, andika kinachohitaji kubadilishwa, kiingie kwenye maombi ya vifaa ya robo ijayo. Usipofanya hivyo utarudi na mikono iliyofundishwa na mashine isiyonyonya.

Nyuki wa Tabora
Huku Tabora kuna vituo viliingia kwenye mpango wa Safer Births, vituo 30 vya mikoa 5, matokeo yakachapishwa mwaka 2025: vifo vya akina mama na vya watoto wachanga vilipungua sana. Kiini chake ni mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale kituoni, kwa mdoli na ambu (mfuko wa kumpulizia mtoto hewa). Kwa hiyo kwenye barua yako omba na mdoli wa mazoezi. Ujuzi wa mtoto asiyepumua unafifia haraka usipoguswa, na dakika ile ya kwanza haikupi nafasi ya kukumbuka.

Pia mwombe mfawidhi apendekeze majina mawili, mmoja aende sasa, mwingine awamu inayofuata. Uvinza watumishi wanahama. Ujuzi ukikaa kwa mtu mmoja, siku akipata uhamisho kituo kinabaki na cheti ukutani.

Mkunga wa Reli
Vakyumu nitaipima kesho asubuhi nikipokea zamu. Faili la Njano, nikishaandika barua naomba uipitie.

Faili la Njano
Ilete. Weka na mpango wa nani atashika zamu zako kwa miezi sita. Ndilo swali la kwanza atakalouliza Mganga Mkuu.