Tupeane uzoefu: dawa za kifua kikuu miezi 6, nini kilitaka kukuachisha?

Jambo yenu wote. Niko Bukavu huku Kongo, Kadutu. Mdogo wangu anaishi kijijini kwetu, upande wa Walungu. Alipoanza dawa za TB hakuweza kupanda kilima cha nyumbani bila kukaa chini mara tatu. Sasa yuko wiki ya 7, kikohozi kimekwisha, ameshika jembe tena. Jumapili ananiambia kwenye simu: "Yaya, nimepona, hizi dawa zinanitesa bure." Viungo vinamuuma, na kituo cha afya ni mwendo wa saa mbili kwa miguu. Nikamgombeza, akakata simu. Nimejuta sana. Basi ninyi mliopitia, niambieni yaliyowapata. Nitamsomea yote.

Mchimbaji wa zamani, Kamituga
Yaya, mimi niliacha. Mwezi wa 2 ulipoisha nilikuwa na nguvu kama ng'ombe, tukasikia kuna shimo jipya lenye dhahabu, nikaondoka bila kuaga kituoni. Tulilala watu saba chini ya turubai moja, usiku tunaifunga pande zote kwa sababu ya baridi. Hakuna aliyejua kwamba natakiwa kumeza kitu. Baada ya miezi minne nikatema damu kwenye kiganja, nikaikunja ngumi ili wenzangu wasione. Nilirudi nikiwa na kilo 46. Walipima makohozi upya kwa mashine ya GeneXpert kuona kama ugonjwa umeshaizoea rifampisini, dawa kuu ya TB. Ulikuwa bado, nikaanza tena siku ya kwanza. Kuna mwenzangu wa lile turubai naye alianza kukohoa. Hilo ndilo linaniuma mpaka leo.

Mama wa watoto wanne, Kabare
Kwetu hawakusema TB, walisema karuho, yaani sumu ya kutiliwa na mtu. Bwana wangu alikonda, jasho usiku, na familia yote ikawa inatafuta nani alimtilia kwenye kasiksi, pombe ya ndizi. Tuliuza mbuzi wawili kwa mganga wa kienyeji anayetapisha. Miezi mitatu ikapita. Alipopimwa makohozi na kuanza dawa, mkojo ukatoka mwekundu kama chungwa. Muuguzi alikuwa ametuonya kwamba ni rangi ya dawa tu, lakini mama mkwe alipoona akapiga vigelegele: "Karuho inatoka!" Sikubishana naye. Tangu siku hiyo yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akimletea vidonge na maji kila alfajiri, hajakosa hata asubuhi moja. Mpaka leo anaamini ni sumu. Mume wangu yuko hai.

Ila kikombe cha bwana wangu, mama mkwe alikipaka rangi ya kucha ili kisichanganyike na vyetu, na watoto wakaona. Ugonjwa huu unasafiri kwa hewa, hauambukizwi na kikombe. Ningependa zaidi angefungua dirisha.

Muuguzi, Bukavu
Naandika kwa ajili ya mdogo wako. Miezi 2 ya mwanzo ni dawa nne ndani ya kidonge kimoja, na ile inayoitwa pirazinamidi ndiyo mara nyingi huumiza viungo. Miezi 4 inayofuata hubaki dawa mbili, hiyo haimo. Aseme kituoni kwamba anaumia, wamsaidie, asinyamaze na asiache. Dawa za TB huku kwetu hutolewa bure, lakini safari na chakula si bure, na hapo ndipo tunapowapoteza watu wa vijijini. Nimemwona mtu akimeza vidonge vyake vinne vya siku bila kitu tumboni, anatetemeka, kwa sababu nyumbani bugali ni mara moja kwa siku, jioni. Huyo akiacha simwiti mkaidi. Muulize anakula nini asubuhi, kabla ya kumuuliza lingine lolote. Pia aulize kama kuna RECO, yule mhudumu wa afya wa kujitolea wa kijiji, anayeweza kumchukulia dawa. Na kama nyumbani kuna watoto chini ya miaka 5, wapelekwe wachunguzwe, kuna dawa ya kuwakinga.

Binti wa Nyabibwe
Mimi nilikuwa nimechumbiwa. Niliogopa mahari irudishwe, nikawa nachukua dawa kituo cha mbali ambako hakuna anayenijua, na vidonge naficha ndani ya mkebe wa maziwa ya unga. Mvua ikinyesha siendi. Nilikosa siku nyingi kwa aibu kuliko kwa ugonjwa. Mwishowe nilimwambia shangazi tu. Mtu mmoja alitosha.

Mkimbizi wa Masisi, sasa Goma
Januari 2025 vita vilipoingia mjini nilikuwa mwezi wa 4. Tulihama na magodoro kichwani, kadi ya dawa ikabaki. Kilichoniokoa ni picha ya ile kadi kwenye simu ya mtoto wangu. Kituo kingine kilisoma picha wakanipa zilizobaki. Siku sita tu nilikosa. Mwambie mdogo wako apige picha kadi yake leo.

Mwanzilishi
Aksanti sana, tena sana. Nimemsomea kwa simu jioni hii, amenyamaza muda mrefu nikadhani laini imekatika. Asubuhi huwa hali kitu, sikujua. Nitamtumia pesa kidogo ya samaki wadogo wa sambaza na unga wa soya kila siku ya soko. Halafu ameuliza swali moja tu: yule wa Kamituga, kama viungo vyake navyo viliuma, viliacha lini?

Mchimbaji wa zamani, Kamituga
Ile mara ya pili, wiki ya pili ya mwezi wa 3. Magoti ndiyo yalikuwa ya mwisho. Nitumie namba yake faraghani, nitampigia mwenyewe.