Mrejesho: jengo la kumkumbuka binti yetu

Habari zenu wakuu. Niliwaomba ushauri kuhusu kujenga zahanati ndogo kijijini kwa kumbukumbu ya binti yetu aliyefariki. Asanteni kwa rambirambi, na zaidi kwa yule aliyesema kuta ni kazi ndogo, kimbembe ni dawa na mhudumu. Zahanati tumeiacha. Tunajenga chumba cha watoto kujisomea jioni, maana nyumba nyingi kule bado zinatumia koroboi.

Eneo natoa kwenye shamba langu. Nilidhani neno langu linatosha, mwenyekiti akagoma: pawe na maandishi, lipite halmashauri ya kijiji, kisha mkutano mkuu. Akanitajia na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Nilikereka, ila ana hoja. Nikifa mimi, ndugu zangu si watalidai?

Mawe na mchanga vimesombwa kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya wanakijiji. Kuta zimefika kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha.

Mama watoto hataki jina mlangoni. Alichotaka ni madirisha yashushwe mpaka kimo cha mtoto wa darasa la kwanza. Fundi akalalamika kwamba mbuzi wataingia. Mama akamjibu aweke nondo basi. Zimewekwa.

Bado bati. Fundi anasema geji 30 inatosha, mimi nimekazania 28 kwa kuwa ni nene zaidi (kwenye bati, namba ya geji ikiwa ndogo unene unaongezeka), na hapo ndipo hela ilipokwama. Mwenye ujuzi wa rafu za vitabu zisizoliwa na mchwa anishauri, mbao nanunua mwezi ujao.