Sikukataa chai yako, Mama Chebet

MAJIRANI WA KOTI 🏠
Jumatano

Mama Tatu, Nyumba 4 (19:06)
Hamjambo majirani. Nina neno na ni refu, mnivumilie. Mama Chebet, linaanzia kwako. Siku ile tulipokuja kumwona mtoto ulinimiminia chai kwenye kikombe kile kikubwa cha bati, maziwa matupu bila tone la maji, nami nikakisogeza pembeni nikasema nimeshiba. Niliona ulivyonyamaza. Tangu siku hiyo tunasalimiana pale getini kama wageni. Sikukataa chai yako. Nilikuwa siku ya tisa ya jaribio alilonipa daktari, wiki tatu bila maziwa kabisa, na niliona haya kueleza habari za choo mbele ya watu.

Mama Chebet, Nyumba 7 (19:09)
Nimesoma.

Mama Chebet, Nyumba 7 (19:10)
Kwetu mgeni akiacha chai ya mtoto, mama hulala akijiuliza amekosea wapi. Nilidhani umeona nyumba yangu chafu. Endelea, nakusikiliza.

Mama Tatu, Nyumba 4 (19:17)
Pole sana, jirani yangu. Chafu tena? Nyumba yako hata mtoto anaweza kulia chakula sakafuni.

Haya mambo yamenisumbua miaka mitatu. Tumbo linajaa kama ngoma, linanguruma, linasokota, halafu nakimbia. Asubuhi nikishakunywa chai yangu, tukifika kwenye foleni ya Jogoo Road jasho linanitoka, nahesabu steji zilizobaki hadi tao. Mara mbili nimeshuka njiani nikaomba choo kwenye kituo cha petroli. Nimetibiwa taifodi mara nne. Amiba hata sikumbuki ni mara ngapi. Mwaka jana wakasema ni alsa. Na kila dawa ilinisaidia kwa wiki moja hivi! Sikuelewa kwa nini, mpaka huyu daktari wa mwisho akaniuliza, "Ukiwa mgonjwa unakula nini?" Nikamwambia strungi, chai isiyo na maziwa, na wali mweupe. Akaweka kalamu chini. Kumbe nafuu ilikuwa inatoka kwenye strungi. Dawa ikiisha narudia chai ya maziwa, na tumbo nalo linarudi.

Baba Brayo, Nyumba 2 (19:19)
Taifodi mara nne? Hiyo si ni Nairobi nzima.

Sista, Nyumba 12 (19:24)
Baba Brayo umesema kweli, na inaniuma. Kile kipimo cha haraka cha damu kinaweza kusema una taifodi na huna, kwa sababu kinasoma kinga ambayo huenda ilibaki mwilini tangu zamani au ilitokana na ugonjwa mwingine. Njia ya uhakika zaidi ni kuotesha damu maabara, na hiyo huchukua siku kadhaa. Watu wanameza antibiotiki bure.

Mama Tatu, daktari alikuambia ni laktosi?

Mama Tatu, Nyumba 4 (19:25)
Ndiyo, hiyo hiyo. Wafafanulie wewe, mimi nitaharibu.

Sista, Nyumba 12 (19:33)
Laktosi ni sukari ya maziwa. Ili iingie mwilini lazima ikatwe vipande viwili na kimeng'enya kiitwacho laktesi, kinachotengenezwa kwenye utumbo mwembamba. Mtoto mchanga anacho kwa wingi. Baada ya kuachishwa kunyonya, kwa watu wengi duniani, kinapungua pole pole. Sukari isiyokatwa inateremka hadi utumbo mpana, bakteria wanaichachusha, gesi inajaa, maji yanavutwa ndani, mtu anaharisha. Kuna kipimo cha kupuliza pumzi: unakunywa laktosi ukiwa hujala, halafu wanapima haidrojeni inayotoka na pumzi. Bila hicho, unaacha maziwa kwa muda kisha unayarudisha na kuangalia, kama alivyofanya Mama Tatu.

Si ugonjwa wa kuambukiza wala si kurogwa. Watu wazima kama theluthi mbili duniani miili yao haikati laktosi vizuri, ingawa si wote wanaosumbuka.

Mzee wa Koti, Nyumba 1 (19:38)
Sasa mmenikumbusha maziwa ya Nyayo. Yalianza 1979, wakati wa Rais Moi, watoto wa msingi tukipewa pakiti shuleni. Wenzangu walikuwa wanafurahi mpaka wanaruka. Mimi nilikuwa naweka yangu kwenye mfuko wa kaptula nampelekea dada yangu mdogo. Nikiyanywa, kipindi cha hesabu sikimalizi. Mwalimu alinichapa kwa kutoka toka darasani. Nina zaidi ya miaka hamsini na leo ndiyo naambiwa tumbo langu lilikuwa na sababu.

Mama Tatu, Nyumba 4 (19:39)
Pole Mzee. Kuchapwa kwa ajili ya maziwa, jamani.

Mama Chebet, Nyumba 7 (19:42)
Lakini Sista, sisi kwetu tunakunywa tangu utotoni hadi uzeeni. Baba yangu hamalizi siku bila lita moja. Mbona hatuugui?

Mwalimu, Nyumba 9 (19:49)
Hapo niruhusuni, nafundisha bayolojia. Jamii zilizofuga ng'ombe kwa maelfu ya miaka, wengi wao kimeng'enya hakizimiki utu uzima. Mwaka 2007 mtafiti Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha kazi waliyofanya na watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan. Walipata mabadiliko matatu ya jeni yanayofanya laktesi iendelee, na si yale ya watu wa Ulaya. Yetu yalizuka huku huku, kivyake. Kwa hivyo Mama Chebet na Mama Tatu wanaweza kunywa kutoka sufuria moja, mmoja akaimba na mwingine akalia, na hakuna aliyekosea.

Mama Salim, Nyumba 11 (19:52)
Subhanallah. Na tui la nazi jee? Mimi kila nikipika samaki wa kupaka namtumia Mama Tatu bakuli. Nisije nikawa namuua mwana wa watu.

Sista, Nyumba 12 (19:53)
Tui halina laktosi hata chembe, Mama Salim. Mpelekee bila hofu.

Mama Tatu, Nyumba 4 (19:54)
Na usipunguze bakuli 🙏🏾

Mama Baby, Nyumba 5 (19:58)
Sista samahani, wangu ana miezi minne, analia jioni na tumbo limejaa gesi. Maziwa ya mama nayo si yana hiyo laktosi? Nimwachishe?

Sista, Nyumba 12 (20:01)
Hapana! Usimwachishe. Maziwa yako yana laktosi nyingi kuliko ya ng'ombe, na mtoto ameumbwa kuyatumia. Wanaozaliwa bila kimeng'enya ni wachache mno. Kulia jioni umri huo ni kawaida. Kesho nikitoka zamu ya mchana nitapita nimwangalie anavyonyonya. Ila akitapika sana, akiwa na damu kwenye choo, au asipoongeza uzito, usiningoje mimi, mpeleke kliniki.

Mama Salim, Nyumba 11 (20:05)
Na mimi naomba jambo, kwa kuwa tumefungua mlango huu. Salim shida yake ni njugu karanga. Hiyo siyo ya kukimbilia choo, hiyo ni aleji. Mwaka juzi alipewa kashata huko nje, midomo ikavimba, pumzi ikawa inapiga mluzi, tukamkimbiza hospitali usiku. Naomba msimpe mtoto wangu kitu bila kuniuliza. Hata kidogo. Hata akilia.

Sista, Nyumba 12 (20:07)
Mmesikia tofauti? Maziwa ya Mama Tatu yanamtesa, hayamuui. Njugu kwa Salim ni hatari ya dakika chache. Mwambieni kila msichana wa kazi.

Baba Brayo, Nyumba 2 (20:10)
Mimi chapati ndizo zinanijaza. Naacha ngano kuanzia kesho.

Sista, Nyumba 12 (20:12)
Usiache bado, Baba Brayo. Ukiacha kabla ya kupimwa damu, kipimo cha ugonjwa wa gluteni, ile protini iliyomo kwenye ngano, kinaweza kutoka safi na unao. Pimwa kwanza ukiwa bado unakula. Ugali endelea nao, mahindi hayana gluteni.

Mzee wa Koti, Nyumba 1 (20:14)
Mama Tatu, hiyo siku ya kurudisha maziwa ilikuwaje?

Mama Tatu, Nyumba 4 (20:23)
Siku ya 22. Zile wiki tatu tumbo lilikuwa limetulia mpaka nikawa nalala chali, jambo ambalo nilikuwa nimelisahau. Nikachukua glasi moja ya maziwa baridi saa nne asubuhi, sijala kitu, nikaweka simu mezani niangalie saa. Dakika kumi, kimya. Nusu saa, kimya, nikaanza kufikiri daktari amekosea. Dakika ya 50 nikasikia linaviringika upande wa kushoto, kama mtu anavuta kiti ndani. Nililia. Uchungu ulikuwepo, lakini nililia kwa sababu sasa nilikuwa najua.

Sasa nimejifunza kiasi changu. Kikombe kidogo cha chai nikiwa nimekula, navumilia. Viwili, nalipia. Mala, yale maziwa yaliyochachuka, haina shida nikinywa kidogo kidogo. Uji wa wimbi na omena nakula kwa ajili ya mifupa. Dukani nasoma pakiti, maana maziwa ya unga yamo hadi kwenye biskuti na soseji.

Mama Chebet, Nyumba 7 (20:27)
Ukivumilia mala basi mursik, maziwa yetu ya kibuyu, utaiweza pia. Mama alinitumia kibuyu wiki jana, imechachuka vizuri.

Mwalimu, Nyumba 9 (20:28)
Ikichachuka, bakteria wamekwisha kula sehemu ya laktosi. Aanze na vijiko tu.

Mama Chebet, Nyumba 7 (20:34)
Jumamosi mkutano ni kwangu. Nitaweka thamosi mbili, ya strungi nitaifunga uzi mwekundu kwenye mpini. Njugu hazitakuwepo. Maandazi nitakanda kwa maji.

Mama Tatu, wewe njoo mapema, kabla ya wengine. Mtoto hujamshika hata siku moja, ulikaa dakika tano ukaondoka.

Mama Tatu, Nyumba 4 (20:35)
Niliondoka kwa sababu ya aibu.

Mama Tatu, Nyumba 4 (20:36)
Saa nane nitabisha mlango. Na strungi nitilie kwenye kikombe kile kile cha bati.