Tupeane uzoefu: mkuu wa shule aliyefanya upende kwenda kazini

Habari zenu walimu wenzangu. Nipo sekondari ya kata hapa Ilemela, Mwanza. Mshahara, mkuu wa shule hahusiki nao, madaraja hapandishi yeye, malimbikizo halipi yeye. Lakini utakuta shule moja kila mtu anatafuta wa kubadilishana naye kituo, na ya jirani, mazingira yale yale, hakuna anayetaka kutoka. Hawa wa pili wanafanyaje? Semeni mliyoyaona, majina ya shule tuyaache.

Kisiwani: Nilipangiwa Ukerewe, ajira mpya, simjui mtu. Nashuka melini Nansio namkuta mwalimu kaja na bodaboda, katumwa na mkuu. Chumba kimeshafagiliwa, ndoo ya maji ipo, jioni nikaitwa kwake kula ugali na sato. Mshahara wa kwanza ukachelewa, akaongea na mwenye duka nikawa nakopa mchele na sabuni kwa dhamana yake. Nilioripoti nao shule nyingine walishahama. Mimi nipo.

Mama Pacha: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatupa muda wa kunyonyesha usiozidi saa mbili kwa siku. Mkuu wa zamani ukimwambia anakujibu, "Kwani wewe wa kwanza kuzaa?" Huyu wa sasa alimwita mwalimu wa taaluma, vipindi vyangu vyote vikahamishiwa asubuhi. Wala sikuomba.

Mzee wa Chaki: Mstari mwekundu! Kuna mkuu alikuwa anaupiga kwenye daftari la mahudhurio saa moja na nusu kamili, ukisaini chini yake umechelewa, halafu saa nne kafunga ofisi, yuko "kikaoni" mjini. Feri ya Kamanga ikichelewa, siku hiyo ni barua za kujieleza tu. Mkuu aliyekuja baada yake hakuufuta mstari, ila anasaini wa kwanza. Na ukichelewa anakuuliza mkiwa wawili, si paredi mbele ya wanafunzi.

Igoma kwetu: Mnazunguka sana. Chai ya saa nne na maandazi, basi.

Mzee wa Chaki: Igoma, kwetu chai ilikatwa na hakuna aliyenuna. Mkuu alibandika ukutani mapato na matumizi ya ruzuku, tukaona wenyewe hela imeishia kwenye karatasi za mitihani na umeme.

Mwalimu Mkuu, Misungwi: Mtuhurumie na sisi. Saa tatu usiku inaingia meseji kutoka juu: takwimu zinahitajika kesho asubuhi. Wengi wanaisukuma hapo hapo kwenye grupu la walimu. Mimi nakaa nayo. Nyingi najibu mwenyewe kutoka daftari la usajili, inayobaki naipeleka asubuhi kwa mdomo. Walimu ofisini wanacheka, anayekosa usingizi ni mimi.

Igoma kwetu: Mwalimu Mkuu, huna mtu wa darasa la nne anayetaka mjini tubadilishane? Chai nitajinunulia.