Mume wangu anakimbia Chicago Marathon, nisimame wapi nimwone?

MamaNeema
Habari zenu jamani. Mwezi wa kumi mume wangu anakimbia Chicago, kilomita 42 kwa mara yake ya kwanza. Tunatoka Indianapolis na nitakuwa na mtoto wa miaka 5. Yeye ananiambia nimsubiri tu Grant Park wanakomalizia. Mimi nataka nimwone akiwa njiani. Je, na mtoto nitaweza kuhamahama?

Msafiri_77
Karibu Chicago dada. Mimi naishi huku, na tangu 2021 sijakosa hata mwaka mmoja. Usimsubiri mwisho peke yake. Pale watu ni wengi mno, utamwona sekunde mbili tatu, tena kwa mbali.

Panda treni ya Red Line. Shuka Addison, tembea kuelekea mashariki mpaka Broadway. Hapo wamekimbia kilomita 13 hivi, bado wanacheka na kupunga mikono. Akishapita, rudini kwenye treni mwende kusini hadi Cermak-Chinatown. Mbio zinapita karibu kabisa na stesheni. Kama atamaliza kwa saa nne na nusu, mna zaidi ya saa mbili za kuhama, hata mtoto atapata muda wa kula.

Chinatown ni kama kilomita ya 34. Hapo ndipo atakapokuhitaji. Mwaka 2023 nilikuwepo Kelvin Kiptum, yule mkimbiaji wa Kenya, alipopita, saa tatu asubuhi na dakika chache. Alikuwa peke yake. Mama mmoja kando yangu akapaza sauti, "Twende baba, twende!" na kufumba na kufumbua kijana ameshapita. Alimaliza kwa 2:00:35, rekodi ya dunia. Februari iliyofuata ajali ya gari ikamchukua, huko kwao karibu na Kaptagat. Mungu amrehemu. Tangu hapo nasimama palepale kila mwaka.

Ila wanaonigusa zaidi ni wale wanaomaliza kwa saa tano, saa sita. Chumvi imewakauka usoni, vikombe vya karatasi vimetapakaa chini, mtu ameshika paja anajikokota. Ukimwita kwa jina lake anainua kichwa, na mara nyingi anaanza tena kukimbia. Nimeliona hilo kwa macho yangu.

Jambo moja: kubalianeni upande wa barabara. Mwaka 2022 mdogo wangu alikimbia, tukapanga "Chinatown" basi. Mimi nilikuwa kushoto, yeye akapita anatazama kulia. Nilimwita mpaka sauti ikakauka, hakusikia. Jioni akaniambia alinitafuta mpaka akakata tamaa. Bado inaniuma.

KocheBahati
Naongezea: pakua programu ya mbio kwenye simu, uweke namba yake ya kifuani. Kila baada ya kilomita 5 utajua amefika wapi. Na aandike jina lake kwa herufi kubwa kwenye fulana, ili hata wasiomjua wamwite.

MamaNeema
Asanteni sana ndugu zangu. Nimeshamwambia: Broadway halafu Chinatown, upande wa kulia. Neema ameanza kuchora bango, ameandika BABA kwa rangi nyekundu.

Msafiri_77
Kulia kwake anakokimbilia, au kulia kwako unayemtazama? Malizeni hilo leoleo, dada.