Tupeane uzoefu: riwaya iliyokushinda kwa macho ukaja kuimaliza kwa masikio

Mwanzisha mada

Wadau, habari zenu. Jana usiku nimemaliza Vita na Amani ya Tolstoy na hapa nilipo sina wa kumwambia, basi nawaambia nyinyi. Sura 361, saa zaidi ya sitini za kusikiliza, miezi minne. Kwa karatasi niliianza mara tatu, na mara zote niliishia kwenye ile hafla ya mwanzo, wageni wakiwa hawajamaliza hata kusalimiana.

Kilichonishinda ni majina. Mrusi wa riwayani ana jina lake, la baba yake, la ukoo, halafu na la kudekezwa nyumbani. Natasha ndiye Natalya Ilyinichna, na mama yake naye ni Natalya. Nikisoma kwa macho nilikuwa silitamki jina, nalitambua kwa umbo tu, kama jirani unayemjua kwa kofia yake, akiivua, anakupotea. Msomaji wa sauti hana njia ya kuliruka. Analitamka lote, na kila mhusika anampa namna yake ya kusema. Baada ya saa tano hivi nilikuwa namjua Pierre kabla hajatajwa.

Wapo wanaosema kusikiliza si kusoma. Sikubaliani nao hata kidogo. Petya Rostov, mdogo wake Natasha, alipouawa nilizima simu nikakaa kimya mpaka giza likaingia. Leteni na zenu.

Fundi Sindano

Hongera sana mkuu. Mimi nashona nguo, macho na mikono vina kazi kutwa lakini masikio yako huru. Nilianza na Monte Cristo ya Alexandre Dumas, sura 117. Ilitoka gazetini kwa vipande kuanzia 1844 hadi 1846, na ukisikiliza unalihisi hilo: sura ikikaribia kwisha, kuna mtu anabisha hodi au barua inafunguliwa, na hapo hapo anakukatia. Nilijiwekea sheria ya sura mbili kwa siku ili nisubiri kama walivyosubiri wasomaji wa kwanza. Sheria niliivunja siku moja tu, Edmond, mhusika mkuu, alipojishonea ndani ya gunia la maiti ili atoke gerezani. Nilisimamisha cherehani. Mtu ameshika sindano gizani, na mimi nimeshika sindano.

Halafu nikaja kujua kwamba sisi wa kazi za mikono tumetangulia zamani. Huko Havana, Cuba, tangu 1865, wasokota sigara walikuwa na msomaji wao: anakaa juu ya jukwaa anawasomea wao wakisokota, na ujira wake wanamchangia wenyewe kutoka mifukoni. Ile sigara iitwayo Montecristo, iliyoanza 1935, ilipewa jina la riwaya hiyo hiyo kwa jinsi wasokotaji walivyoipenda.

Kusi

Angalieni kasi. Nilisikiliza Moby-Dick, riwaya ya wawinda nyangumi, kwa kasi ya karibu mara mbili ili niimalize wiki moja. Niliimaliza. Wiki iliyofuata rafiki yangu akaniuliza kuhusu baharia Queequeg na jeneza lake, nikawa sina la kusema, wakati jeneza hilo ndilo linalomwokoa msimulizi mwishoni! Nikairudia kwa kasi ya kawaida. Zile sura za nyangumi zinazowachosha watu, za mafuta na mifupa na kamba, kumbe ndizo zinazokufundisha bahari. Ukizikimbiza, meli inazama bila wewe kujua ilivyoundwa.

Jingine, tazameni muda wa rekodi kabla ya kupakua. Niliwahi kununua riwaya nene ya Kifaransa, nikaisikiliza kwa saa nne ikaisha. Ilikuwa toleo lililofupishwa, na popote pale halikuandikwa hivyo. Niliumia sana.

Msafiri wa Usiku

Mimi nasinzia. Nikiweka kipima muda cha dakika 15 inajizima yenyewe, kesho narudi nyuma kidogo naendelea. Sina zaidi.

Sauti ya Kabatini

Mimi niko upande wa pili, huwa nasoma. Najitolea LibriVox, ambayo tangu 2005 inarekodi vitabu vilivyokwisha hakimiliki, na yeyote anapakua bure. Narekodi ndani ya kabati la nguo kwa sababu nguo zinameza mwangwi. Sura ya dakika ishirini inanila saa mbili, ukihesabu kurudia nilipokwama na kufuta sauti za midomo. Kisha mwenzangu anaisikiliza huku ameshika maandishi. Safari moja alinirudishia kazi kwa neno moja la kukanusha nililoliruka: binti aliyekuwa anakataa ndoa nilikuwa nimemwozesha.

Kwa anayesema kusikiliza si kusoma, ajaribu kumsomea mtu ukurasa mmoja wa Dickens, yule mwandishi wa riwaya wa Uingereza, kwa sauti. Sentensi inapanda, inazunguka, na kila alama ya mkato ni mahali pa kuvuta pumzi. Mwenyewe alipanda majukwaani kusoma kazi zake kuanzia 1853 hadi 1870, mwaka aliofariki. Aliandika akijua zitasikika.

Binti wa Tatu

Baba yangu amepoteza macho kwa presha ya macho. Alikuwa mtu wa vitabu, na nilipomletea vya kusikiliza alikataa, akasema hataki kusomewa kama mgonjwa. Nikamweleza kwamba Uingereza vitabu vya sauti vilianza mwaka 1935 kwa ajili ya wasioona, wakiwemo askari waliopofuka vitani. Upande mmoja wa santuri ulichukua dakika 25, wakawa wanageuza na kugeuza mpaka riwaya iishe. Hilo la askari lilimgusa. Akasema, haya, weka.

Tuliweka riwaya ya Jane Eyre, sura 38. Hataki niongeze kasi na hataki niongee wakati inasomwa. Rochester, mwanamume anayependwa na Jane, alipopofuka kwenye moto nilitaka kuzima, nikamtazama baba. Akanyoosha mkono, maana yake acha.

Mwanzisha mada

Dada, mmefika wapi?

Binti wa Tatu

Imebaki sura ya mwisho. Juzi ameniambia nizime simu, hiyo nimsomee mwenyewe. Kitabu kipo, ni chake cha zamani.

Sauti ya Kabatini

Soma taratibu. Ukikosea usiombe radhi, rudia tu sentensi.

Binti wa Tatu

Ahsante kaka. Nimemsomea jana jioni. Sikuwa najua kilichomo: Jane anasimulia jinsi anavyomsomea mumewe asiyeona, anamwelezea mashamba na mto na mawingu, na hachoki. Nilikwama pale. Baba akasubiri, kisha akasema, "Endelea, mwanangu."

Kaniomba kesho tuanze kingine, sura moja simu, sura moja mimi.